Kukaza Ngozi Iliyolegea kwa Mashine ya Sauti: Uliza Kwanza, Ndipo Ulipe



Katika miaka ya karibuni saluni na kliniki za urembo katika miji mikubwa ya nchi zetu, kama vile Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, zimeanza kutangaza huduma mpya. Zinasema zaweza kunyanyua ngozi iliyolegea ya uso na shingo bila kisu, bila kushonwa nyuzi na bila kulala hospitali, kwa kutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Matangazo hayo hayamfikii tajiri peke yake. Humfikia pia mchuma chai wa Kericho, mkata mkonge wa Tanga na mkata miwa wa Kakira kwa njia ya simu aliyonayo mfukoni.

Huenda wako watakaouliza: jambo hili la urembo linahusu nini chama cha wafanyakazi? Jibu letu ni fupi. Linahusu mshahara, kwa sababu bei yake yaweza kumeza jasho la miezi mingi. Linahusu afya, kwa sababu mashine hiyo ikitumiwa vibaya huunguza ngozi na kuumiza mishipa ya fahamu. Tena linahusu kazi yenyewe, kwa sababu ngozi za wengi wetu zimelegezwa na jua la shambani. Hatusemi kwamba mfanyakazi hana haki ya kupendeza. Haki hiyo anayo kama mtu mwingine yeyote. Tunalosema ni kwamba anayenunua sharti ajue anunuacho.

NGOZI HULEGEA KWA NINI?

Ngozi ina tabaka mbili kubwa. Ya juu ni nyembamba, nayo ndiyo yenye rangi yetu. Ya ndani ni nene zaidi, na imejaa nyuzinyuzi ndogo zilizosukwa kama kamba za mkonge katika gunia. Nyuzi za aina ya kwanza huitwa kolajeni, nazo huipa ngozi nguvu. Za aina ya pili huitwa elastini, nazo huifanya ngozi irudi mahali pake ikivutwa. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta ya uso kuna utando mgumu unaoshikamana na misuli.

Tangu ujana kupita, kolajeni hupungua kwa kadiri ya asilimia 1 kila mwaka. Kwa wanawake upungufu huongezeka wanapoacha kupata hedhi, na katika miaka 5 ya kwanza baada ya hapo huweza kufikia karibu asilimia 30. Hilo ni jambo la maumbile, wala si kosa la mtu. Lakini yako mambo yanayoharakisha: sigara, kukonda ghafla, kung'oka meno ya pembeni hata mashavu yakakosa egemeo, na mafuta ya kujichubua yenye dawa kali za steroidi, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi.

Zaidi ya yote liko jua. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapa picha ya dereva wa lori la kusambaza bidhaa, mtu wa miaka 69 aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa makamo. Upande wa kushoto, ule uliokaa dirishani, ulikuwa umejaa mikunjo mizito na ngozi iliyoning'inia. Umri ulikuwa mmoja, damu ilikuwa moja na chakula kilikuwa kimoja, ila upande mmoja ulipigwa zaidi na jua lipitalo kwenye kioo. Picha ile ni ushahidi kwamba kazi huandika historia yake juu ya ngozi ya mtu.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya jua, na ndiyo sababu wazee wetu wengi huchelewa kupata mikunjo. Lakini kinga hiyo si ukuta wa mawe. Anayeinama juu ya majani ya chai au matuta ya miwa toka asubuhi hadi alasiri kwa miaka 20 hawezi kulinganishwa na anayekaa ofisini.

KABLA YA SALUNI, FIKIRI HOSPITALI

Hapa twaomba ndugu zetu wasome kwa makini. Kulegea kwa ngozi kwa sababu ya umri huja polepole na huja pande zote mbili. Uso ukianguka upande mmoja kwa ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukakosa nguvu au maneno yakawa mazito, hiyo si kazi ya saluni. Yaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina thamani. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja.

Kadhalika kope la jicho linaloanguka peke yake, hasa likizidi jioni baada ya kazi na mtu akaanza kuona vitu viwili viwili, laweza kuwa ugonjwa wa misuli au wa mishipa ya fahamu. Shingo iliyojaa mbele yaweza kuwa rovu na si ngozi. Mtu akikonda ghafla bila sababu, hata mashavu yakalegea, atafute kwanza sababu ya kukonda. Mashine ya urembo haitamwonyesha ugonjwa wake, na pengine itampotezea muda wa kutibiwa.

SAUTI ILIYOTOKA KIWANDANI

Wengi wetu tunaijua ultrasaundi, mashine inayomwezesha mama mjamzito kumwona mtoto tumboni. Hutumia sauti nyembamba mno, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo huingia mwilini, hugonga kilichomo, hurudi kama mwangwi, na mashine hugeuza mwangwi kuwa picha.

Wasichojua wengi ni kwamba kifaa hicho kilipita kiwandani kabla ya kufika hospitali. Mafundi wa chuma walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow, Scotland, alikwenda katika kiwanda cha kutengeneza boila cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, akiwa amechukua uvimbe uliotolewa katika miili ya wagonjwa, ili kuujaribu kwa mashine ya kupimia chuma. Mwangwi ulitofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, alichapa matokeo ya utafiti wao mwaka 1958 katika jarida la Lancet, na tangu hapo ultrasaundi ikaenea hospitalini duniani kote.

Twaeleza haya ili ndugu wasiiogope sauti yenyewe. Sauti ya kupiga picha ni hafifu, haiunguzi. Sauti ya kukaza ngozi ni jambo jingine. Imekusudiwa kuunguza, na hapo ndipo penye faida yake na hatari yake.

INAVYOFANYA KAZI

Mtoto wa shule akichukua kioo cha kukuza na kukielekeza juani, miale hukusanyika mahali padogo, na jani kavu huwaka moto. Mashine ya kukaza ngozi hufanya vivyo hivyo kwa sauti. Mawimbi hutoka kwenye kichwa cha mashine yakiwa yametawanyika, hupita ngozi ya juu bila kuiumiza, kisha hukutana katika nukta ndogo iliyo ndani. Katika nukta hiyo joto hupanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi.

Kila mpishi ameona nyama ikitiwa motoni hujikunja na kukazana. Nyuzi za kolajeni nazo hufanya hivyo zikipata joto hilo. Baada ya hapo mwili huziona nukta hizo kama majeraha madogo, nao huanza kuyatengeneza kwa kusuka kolajeni mpya. Kazi hiyo ya mwili ndiyo inayokaza ngozi kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana matokeo hayaonekani siku ile ile. Huanza kuonekana baada ya majuma kadhaa, huonekana vizuri baada ya miezi 2 au 3, na huweza kuendelea hadi mwezi wa 6. Anayeahidi kwamba utatoka mlangoni umerudi ujana wako anakudanganya. Kama uso unaonekana umejaa siku hiyo hiyo, mara nyingi ni uvimbe tu.

Vichwa vya mashine hutofautiana kwa kina. Vinavyotumika sana usoni hufika milimita 1.5, milimita 3 na milimita 4.5. Kile cha milimita 4.5 hulenga ule utando mgumu ulio chini ya mafuta, ambao daktari mpasuaji naye huuvuta anaponyanyua uso kwa kisu. Kuchagua kina kwahitaji ujuzi, kwa sababu ngozi ya paji la uso ni nyembamba, na ya shavu ni nene. Kina kinachofaa shavuni chaweza kufika kwenye mfupa au mshipa wa fahamu kikitumiwa pengine.

Mashine ya kwanza ya namna hii kuruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ni ile ya Ulthera, mwaka 2009, kwa kazi ya kunyanyua nyusi. Mwaka 2012 ikaruhusiwa kwa shingo na chini ya kidevu, na mwaka 2014 kwa mikunjo ya kifuani. Mashine hiyo ina kioo kinachoonyesha picha ya ndani ya ngozi wakati wa kazi, ili mtumiaji aone anapopiga. Zipo mashine nyingine nyingi, ikiwa ni pamoja na zitokazo Korea Kusini na China. Baadhi ni za ubora, na baadhi ni za kuiga. Nyingi hazina kioo cha picha, na hapo anayeitumia anapiga kwa kukisia.

INALETA NINI HASA?

Katika utafiti mmoja wa mwanzo, uliochapwa mwaka 2010 na madaktari wa Chicago, watu 35 walipimwa siku 90 baada ya kufanyiwa. Watu 30 kati yao walionekana kunyanyuka nyusi. Lakini zilinyanyuka kwa kiasi gani? Kwa wastani, milimita 1.7. Chukua njiti ya kiberiti uitazame unene wake, maana kipimo hicho hakiuzidi. Katika utafiti mwingine, uliochapwa mwaka 2014, watu 93 walitazamwa sehemu ya chini ya uso. Wakaguzi wasiojua picha ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada waliona nafuu kwa watu wapatao 6 katika kila 10.

Basi ukweli ni huu: dawa ipo, lakini ni ndogo, na haimfai kila mtu. Humfaa mtu ambaye ngozi yake imelegea kidogo au kwa wastani. Haimfai aliyelegea sana, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni, au mwenye mafuta mengi chini ya kidevu. Huyo atatoa fedha nyingi asione mabadiliko, na mwenye kliniki mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kuchukua hata senti moja.

Tena matokeo hayadumu milele. Kwa wengi hupungua baada ya mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kwa sababu umri unaendelea na jua halijaondoka. Hii ni kama kupanga chumba, wala si kama kununua nyumba. Kodi hurudi.

JE, INAFAA NGOZI NYEUSI?

Swali hili ni la haki, maana mashine nyingi za urembo zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Mashine za mwanga, yaani leza, hunaswa na rangi ya ngozi. Mtumiaji asipokuwa na ujuzi wa ngozi nyeusi huweza kuiunguza na kuiacha na mabaka. Sauti haijali rangi. Hupita tabaka ya juu bila kunaswa, na kwa jambo hilo ultrasaundi ina nafuu kwetu.

Hata hivyo nafuu si kinga kamili. Kichwa cha mashine kisiposhikamana sawasawa na ngozi, au jeli ikiwa haitoshi, joto hukusanyika juu badala ya ndani. Ngozi nyeusi ikiungua huacha alama nyeusi inayoweza kukaa kwa miezi. Na mtu ambaye vidonda vyake huota makovu yanayovimba, yale yaitwayo keloidi, aseme mapema, kwa kuwa hafai kuingia katika jambo hili bila ushauri wa daktari wa ngozi.

MADHARA YANAYOJULIKANA

Kazi ya uso na shingo huchukua saa moja na zaidi, nayo huuma, hasa karibu na mfupa wa taya na paji la uso. Baadaye huja wekundu, uvimbe kidogo, na maumivu ukigusa. Hayo huisha kwa siku chache au majuma machache.

Yapo makubwa zaidi, ingawa hayatokei mara nyingi. Ngozi huweza kuungua na kuacha mistari au kovu. Mshipa wa fahamu ukipigwa, mdomo huweza kupinda au sehemu ya uso kufa ganzi. Mara nyingi hali hiyo hurudi kuwa sawa baada ya majuma kadhaa, lakini hebu fikirini mfanyakazi asiyeweza kufunga mdomo sawasawa anavyokwenda kazini. Mafuta ya uso huweza kuyeyuka yasipotakiwa kuyeyuka, na mtu mwembamba akaonekana mzee kuliko alivyokuwa. Madaktari wameandika pia habari za watu walioharibika lenzi ya jicho baada ya kupigwa mashine juu ya kope na watu wasio na ujuzi. Kwa hiyo mashine hii haipitishwi kamwe juu ya mboni ya jicho.

Wafuatao wasifanyiwe mpaka daktari aseme: mwenye kidonda, chunusi kali au maambukizi mahali panapotakiwa kupigwa, mwenye kifaa cha umeme mwilini kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye chuma au kitu kilichopandikizwa usoni, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na mama mjamzito, kwa kuwa usalama wake kwa wajawazito haujathibitishwa. Anayejipaka mafuta ya kujichubua naye aseme ukweli, tena ayaache.

MASWALI 8 YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga. Kateni karatasi hii mwende nayo.

1. Nani atakayeshika mashine, na amesomea nini? Kama anasema ni daktari, omba jina lake kamili na namba yake ya usajili. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina baraza la kusajili madaktari, nawe una haki ya kuuliza huko kama jina hilo limo.

2. Mashine inaitwaje, imetengenezwa na nani, na imeruhusiwa na mamlaka gani kwa kazi hii ya ngozi? Jina liandikwe kwenye risiti.

3. Je, mashine inaonyesha picha ya ndani wakati wa kazi? Kama haionyeshi, mtumiaji anajuaje anapopiga?

4. Kichwa cha mashine ni halisi na hakijaisha muda? Vichwa vina idadi maalumu ya mapigo, na wako wafanyabiashara wanaovirudisha kazini vikiwa vimechoka, au wanaotumia vya bandia. Omba kikaguliwe mbele yako.

5. Mmewafanyia wangapi wenye ngozi kama yangu? Omba kuona picha za kabla na baada za watu weusi waliofanyiwa hapo hapo, wala si picha zilizookotwa mahali pengine. Tazama kama mwanga na namna ya kukaa ni ile ile katika picha zote mbili.

6. Kwa uso wangu mimi, mnategemea mabadiliko gani, na yatadumu kwa muda gani? Jibu la kweli lina mipaka ndani yake.

7. Nikiungua au mdomo ukipinda, nani atanitibu na nani atalipa? Jibu liandikwe.

8. Bei yote ni kiasi gani, pamoja na marudio? Je, naweza kwenda nyumbani nikafikiri kabla ya kulipa?

Likija neno la "bei hii ni leo tu", hilo peke yake ni jibu. Inuka, shukuru, ondoka. Tiba ya kweli itakuwepo hata juma lijalo.

Tusimsahau pia yule binti anayeshika mashine. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Mara nyingine mwajiri humfundisha kwa siku chache, akamkabidhi kifaa kinachounguza ndani ya mwili wa mtu, na madhara yakitokea yeye ndiye anayetupiwa lawama na kufukuzwa. Wafanyakazi wa saluni wanayo haki ya kudai mafunzo kamili na ya kukataa kazi wasiyofundishwa.

HESABU YA MSHAHARA

Huko Marekani huduma ya uso mzima kwa mashine halisi mara nyingi huzidi dola 2,000. Katika nchi zetu bei hutofautiana sana, na bei ya chini mno mara nyingi maana yake ni mashine ya kuiga au mkono usio na ujuzi. Sisi twapendekeza hesabu nyepesi. Chukua bei uliyotajiwa, uigawe kwa fedha inayobaki mfukoni kila mwezi baada ya chakula, kodi na ada ya shule. Usiigawe kwa mshahara wote, kwa maana mshahara wote si wako peke yako. Idadi utakayoipata ndiyo miezi utakayofanya kazi kwa ajili ya njiti moja ya kiberiti.

Kama baada ya hesabu hiyo bado waona yafaa, na fedha ni akiba yako, hiyo ni hiari yako na hakuna wa kukuhukumu. Lakini twasema kwa nguvu: msichukue mkopo kwa jambo hili, iwe kutoka chama cha kuweka na kukopa au kwa wakopeshaji wa simu. Mkopo wa ng'ombe huzaa maziwa, mkopo wa cherehani huzaa nguo, lakini mkopo wa ngozi huzaa deni. Ngozi italegea tena kabla ya riba kwisha.

NJIA NYINGINE

Kwa aliyelegea sana, upasuaji ndio unaoleta mabadiliko makubwa, lakini una gharama kubwa, kovu na hatari za nusukaputi. Zipo pia mashine za mawimbi ya redio, ambazo nazo hupasha joto ngozi ya ndani na huhitaji maswali yale yale. Zipo sindano za kujaza mashavu, ambazo hudumu kwa muda na ni hatari mikononi mwa asiye daktari, maana sindano ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuleta upofu. Yapo mafuta ya tretinoini, ambayo daktari huandika. Hayanyanyui ngozi iliyoanguka, lakini yakitumika kwa miezi husaidia kolajeni na kupunguza mikunjo midogo. Mjamzito asiyatumie.

Ambaye hajui aanzie wapi, aanzie kwa mganga wa ngozi wa hospitali ya serikali. Eneo letu lina bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mtaalamu wa namna hiyo hana mashine ya kukuuzia, kwa hiyo hana sababu ya kukuficha.

KINGA NI DAI LA CHAMA

Sasa twarudi kwenye jua. Huko Nambour, Australia, watafiti waliwafuata watu wazima 903 wa umri chini ya miaka 55, toka mwaka 1992 hadi 1996. Waliopewa mafuta ya kukinga jua wayapake kila siku walionekana na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko wale waliopaka kwa hiari yao. Watu wale wengi walikuwa weupe, lakini somo ni letu pia: kinachozuia jua hufanya kazi kila siku, bila kuunguza na bila kumpinda mtu mdomo.

Kwa mfanyakazi wa shamba kinga ya kwanza ni kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, kivuli cha kupumzikia mchana, na ratiba inayoanza alfajiri ili saa kali za jua zipungue. Kwa ndugu zetu wenye ualbino si suala la mikunjo tena, ni suala la saratani na uhai. Hao wapewe kazi za kivulini na mafuta ya kukinga jua. Kituo kile cha Moshi kimewahi kutengeneza mafuta yao maalumu, yaitwayo KiliSun.

Haya si maombi ya huruma. Sheria za usalama na afya kazini za Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007 zinamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi na atoe vifaa vya kinga panapohitajika. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu chake cha 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi wote, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Kwa hiyo matawi yetu yaweke jambo la kofia, mavazi na kivuli katika mazungumzo ya mikataba ya hiari, pamoja na mishahara. Bei ya kutibu uso mmoja kwa mashine ya sauti yatosha kununua kofia za kundi zima la wachumaji. Tofauti ni kwamba ya kwanza atailipa mfanyakazi peke yake, na ya pili yampasa mwajiri.

Anayetaka kwenda kliniki aende, akiwa na karatasi ya maswali mkononi na akiba yake mwenyewe. Na sote twende kwenye mkutano wa tawi na dai la kofia.